Kaka yangu aliuawa kazini, sasa shemeji ameambiwa atoke laini, zile nyumba za polisi. Miji ya wenzetu hufanyaje?

Mdogo wa Karao ameandika:

Wadau habari za jioni. Naandika nikiwa stejini nangoja gari, nikikosea mnisamehe.

Kaka yangu alikuwa konstebo hapa Nairobi. Miezi 4 imepita sasa. Usiku waliitwa duka limevunjwa, kufika wezi bado wako ndani, akapigwa risasi ya shingo na hakufika hospitali. Alikuwa na miaka 34. Ameacha mke na watoto 2, mkubwa yuko gredi ya 3, mdogo ndio anajishikilia viti akijaribu kutembea. Mazishi siwezi kusema yalikuwa mabaya, lori 2 za askari zilikuja mpaka kwetu Kakamega, wakapiga risasi hewani, mkubwa mmoja akashika maikrofoni akasema hii familia sasa ni familia yetu, watu wakapiga makofi hata mimi nikapiga. Tangu siku hiyo simu imelia mara 2 pekee. Ya kwanza ilikuwa kuuliza buti na mkanda wake viko wapi virudishwe stoo. Ya pili ni wiki jana, shemeji akaambiwa chumba kinatakiwa, kuna askari mwingine anahamishiwa hapo, ajipange mpaka mwisho wa mwezi.

Basi jana usingizi ukakataa nikaanza kuangalia video za New York, yale mazishi ya Januari 2022 ya vijana 2 waliouawa Harlem, Fifth Avenue yote imejaa askari huwezi kuona lami, mjane amesimama kanisani anaongea na hakuna mtu anamnyamazisha. Nikajiuliza, baada ya ile bendera kukunjwa pembe tatu na watu kurudi makwao, familia hupewa nini haswa? Na anayetoa ni mji ama ni serikali kuu? Na sisi huku shemeji aanzie wapi, maana kila ofisi anayoenda anaambiwa hapa siyo, enda ile ingine.

Kituo sitakitaja, msiniulize.

Nesi wa Dallas ameandika:

Pole sana mdogo wangu, pole kwa shemeji na watoto. Mimi niko Dallas tangu 2009, ni nesi, si askari, lakini haya mambo nimeyaona kwa karibu kuliko nilivyotaka.

Labda unakumbuka tarehe 7 Julai 2016, kulikuwa na maandamano katikati ya mji, mtu akaanza kupiga askari risasi, wakafa 5, 4 wa polisi wa mji na 1 wa polisi wa mabasi na treni. Kesho yake nje ya makao makuu waliegesha magari 2 ya polisi na watu wakaanza kuweka maua, kufika jioni huoni rangi ya gari tena, ni maua na barua za watoto na vikopo vya kahawa, mtu aliweka hata sandwichi imefungwa vizuri na karatasi. Mimi nilipita hapo nikitoka kazini nikalia kama mjinga.

Sasa jibu lako. Kitu cha kwanza ujue huku askari ni wa mji. Meya na baraza la mji ndio waajiri, kwa hivyo mji unabeba mambo ya pensheni, bima na mazishi. Juu ya hapo jimbo linaongeza yake, hapa Texas tangu 2015 familia inalipwa na jimbo dola 500,000 mara moja, na watoto wanasoma chuo kikuu cha serikali bila kulipa karo. Juu yake tena kuna ya serikali kuu kule Washington, ilianza 1976 ikiwa dola 50,000 na sasa imepita 400,000 kwa sababu inapanda kila mwaka na gharama za maisha. Halafu kuna vyama vya raia wenyewe, kuna kimoja kinaitwa Hundred Club kilianzia Detroit 1952, wafanyabiashara walichangishana kwa mjane wa askari mmoja wakaona waendelee tu, leo viko miji mingi na hundi yao hufika mapema kabla hata ya hizo za serikali.

Lakini pesa si kitu nilichotaka kukuambia. Kitu nilichokiona ni kwamba kuna askari mmoja anatolewa kazi zake zote anapewa hiyo familia. Kazi yake sasa ni wao. Anajua fomu zote, anaendesha gari, anakaa mezani na mjane wanajaza pamoja, mtoto akiwa na mechi anaenda. Na habari ya kifo hawapigi simu, wanakuja mlangoni wawili, mmoja mara nyingi ni mchungaji wa polisi, hata kama ni saa 9 usiku.

Shemeji yako alipata habari vipi?

Mdogo wa Karao ameandika:

Dada asante. Alipata kwa WhatsApp. Kuna grupu ya wamama wa laini, mtu aliweka picha ya gari la polisi na chini yake emoji za mishumaa, akauliza ni nani amekufa, grupu yote ikanyamaza. Akajua hapo.

Baharia wa Bronx ameandika:

Allah amrehemu kakako. Mimi ni mtu wa Mombasa, Bronx nina miaka 17 naendesha teksi, na hao wa video zako nawajua njia zao zote maana siku za mazishi hatufanyi kazi, barabara zimefungwa.

New York ukiuawa kazini mjane wako anaweza kupata pensheni inayofika mshahara wako mzima wa mwisho, si nusu, mzima. Unapandishwa cheo ukiwa umeshakufa, wale wa Harlem walifanywa ditektivu wa daraja la kwanza, na kile cheo si cha kupamba jeneza bali kinaingia kwenye hesabu. Wale 2 wa Brooklyn wa Desemba 2014, waliopigwa wakiwa wamekaa ndani ya gari lao, kampuni ya ndege ya JetBlue ilibeba askari bure kutoka miji mingine kuja kuzika. Mazishi ya yule wa kwanza yalikuwa na watu zaidi ya 20,000. Na siku hiyohiyo meya de Blasio akiongea kanisani, askari walioko nje wakamgeuzia migongo, yaani mji mzima ukaona ugomvi wao huku jeneza liko pale. Kwa hivyo usidhani wenzetu hawagombani juu ya maiti.

Kuna kitu kimoja lakini hunitoa machozi kila nikikisikia. Mwisho wa mazishi huita ile namba ya askari kwa redio, kama vile huitwa kila siku kazini. Wanaita, kimya. Wanaita tena, kimya. Ya tatu yule msichana wa redio anasema fulani amemaliza zamu, sisi tutaendelea kutoka hapa. Na mara nyingine sauti yake inakatika katikati.

Sasa ubaya wake. Mji hulipa vizuri ukifa vizuri, mnielewe. Ukipigwa risasi mbele ya kamera hakuna mtu anauliza swali. Ukifa pole pole ndio utajua. Septemba 11 polisi wa New York walikufa 23 siku ile, lakini waliokufa baadaye kwa kansa na mapafu kwa sababu ya vumbi la yale maghorofa yaliyoanguka wamepita hao mara nyingi sana. Kuna askari James Zadroga alikufa 2006, babake akapigana aandikwe kuwa amekufa kwa kazi, mchunguzi maiti wa mji akakataa akasema si vumbi, na huyohuyo ndiye sheria ya Januari 2011 ya kutibu na kufidia wagonjwa wa vumbi inaitwa kwa jina lake. Ati! Mji umekukana, Bunge likakupa jina la sheria. Na askari aliyejiua kwa sababu ya mambo aliyoyaona kazini, familia yake haikuwa inahesabiwa kwa ile pesa ya Washington mpaka 2022 ndio sheria ikabadilishwa.

Sipendi Sare ameandika:

Mtanisamehe na pole kwa msiba bro, lakini kuna mama huku Mathare mtoto wake alipigwa risasi na hao hao akitoka kununua unga. Nani alimpelekea mchungaji? Nani alimkunjia bendera? Wale vijana waliouawa kwenye maandamano ya Juni 2024 familia zao ziko wapi? Tunaongea kama askari ndio wanakufa pekee. Mwalimu akifa, mtu wa mjengo akianguka, hakuna zumari.

Mdogo wa Karao ameandika:

Sipendi Sare sikupingi. Mama wa Mathare akianzisha uzi wake nitaingia na nitamuunga mkono. Lakini huu ni wa shemeji wangu na huyo mtoto wa gredi ya 3 hajampiga mtu risasi.

Sipendi Sare ameandika:

Sawa. Hapo umeniweza. Wacha nisome kimya kimya.

Mtoto wa Laini ameandika:

Nimesoma hii nikaacha chakula.

Mimi nilizaliwa laini. Sitasema ya wapi. Ile ya mabati ya duara, mchana ni jiko usiku ni friji, na baadaye tukapata ya mawe lakini tukagawana na familia ingine, katikati kuna shuka. Hamjaishi mpaka mkaishi na shuka. Unajua kila kitu cha jirani, unajua akikohoa ni kifua ama ni kilio. Upande wetu shuka lilikuwa la maua ya bluu, upande wao lilikuwa limegeuka nje ndani maana mama hakutaka waone mahali lilipochomwa na pasi.

Baba alikufa nikiwa darasa la 6. Aliuawa na majambazi wa benki, miaka ya nyuma kabla ya hizi kamera zenu. Tulikaa pale miezi 3 ama 4. Hawakutufukuza kwa virungu, watu hufikiria hivyo, hapana, wanakufukuza kwa adabu. Anakuja sajini mmoja rafiki ya baba, anasimama nje hataki kuingia, anasema mama nanii, unajua si mimi. Mama anasema najua. Wiki ijayo anakuja tena. Ya tatu akaja na konstebo mpya na mke wake mjamzito wakasimama nyuma yake na godoro. Mama akawaangalia, akaangalia lile tumbo, akaanza kutoa vyombo yeye mwenyewe. Sisi tulipakia kwa mkokoteni. Yule msichana mjamzito akatusaidia kubeba sufuria, alikuwa analia kuliko mama.

Kitu kiliniuma zaidi ni shule. Nilikuwa nasoma shule iko karibu na kituo, marafiki zangu wote ni watoto wa laini. Siku moja una baba, una nyumba, una shule, una wale vijana mnacheza nao kalongo nyuma ya seli. Mwezi wa nne huna hata kimoja. Tulirudi ushago kwa watu ambao mimi sikuwajua, na kule nikaitwa mtoto wa polisi kwa ubaya.

Kwa hivyo dada wa Dallas anaposema kuna askari anatolewa kazi zake anapewa familia, mimi hata sitaki zile dola. Mtu mmoja tu. Mtu mmoja angekuja hata mara moja kwa muhula.

Mjomba Birmingham ameandika:

Kaongezeo kadogo tu. Hapa Uingereza mpaka 2015 mjane wa askari aliyeuawa kazini akiolewa tena pensheni yake ilikuwa inakatwa. Walikuwepo wajane waliokaa miaka na mtu bila ndoa, wanaogopa kupoteza pesa ya watoto. Wajane wenyewe ndio walipiga kelele mpaka ikabadilishwa.

Sipendi Sare ameandika:

Huku hawangoji aolewe.

Mzee Koplo ameandika:

Vijana nimewasoma wote. Mimi nilitumikia miaka 31, nimestaafu niko shambani na ng'ombe 3. Huyo sajini aliyesimama mlangoni na kusema si mimi, nimekuwa yeye. Mtoto wa Laini sijui ni nani aliyekuja kwenu, lakini kama ningekuwa mimi ningeomba msamaha, na pengine hata kama si mimi wacha niombe.

Nimetumwa kupeleka habari za kifo mara 3 katika kazi yangu. Hakuna mafunzo tulipewa ya hiyo. Pale Kiganjo, chuo cha polisi, tulifundishwa gwaride, bunduki na sheria, lakini ya kugonga mlango na kumwambia mwanamke mume wake hayuko, hiyo utajua mwenyewe. Ya kwanza nilifika nikakuta mama anakaanga mandazi, nikashindwa, nikamwambia mzee amelazwa. Alijua kwa majirani saa 2 baadaye. Mpaka leo nikisikia harufu ya mandazi ya asubuhi nakumbuka huo uongo. Mwaka wa Baragoi, Novemba 2012, walikufa zaidi ya 40 kwa siku moja kule bonde la Suguta, na wengi walikuwa vijana wametoka mafunzoni juzi, hawajaoa hata. Kulikuwa na wazazi waliosikia majina kwa redio.

Sasa kijana, sikiliza vizuri maana hapa ndio swali lako la pili.

Kwanza mambo ya mji sahau. Huku askari si wa Nairobi wala Mombasa, kaunti ina kanjo wake na sisi ni wa serikali kuu. Kwa hivyo usipoteze nauli kwenda City Hall.

Pili, usianze na pensheni, anza na WIBA. Hiyo ni sheria ya 2007 ya walioumia ama kufa kazini, na inashika mfanyakazi wa serikali kama wa kampuni isipokuwa wanajeshi. Askari akifa kazini ni mishahara ya miezi 96. Rudia ukiandika, miezi 96. Lakini dai lazima liingie ndani ya miezi 12 tangu kifo, na nyinyi mmeshakula 4 mkiambiwa enda ile ingine. Kwa hiyo unataka barua ya kituo inayosema alikuwa zamu. Hii ndio karatasi ya maana kuliko zote. Nenda na shemeji, mwombe OCS, yule mkuu wa kituo, nakala ya ukurasa wa OB, kile kitabu cha matukio, wa usiku ule na orodha ya zamu. Akikataa usipige kelele, andika barua, peleka nakala 2, moja wagonge muhuri wa kupokea urudi nayo. Ukiwa na muhuri umeanza kesi hata kama hujaanza kesi.

Tatu ndio hii ya kunyima watu usingizi. Kakako aliandika nani kama mrithi? Usijibu haraka. Askari anaingia Kiganjo na miaka 19, 20. Anapewa fomu, jua kali, mwalimu anapiga kelele, anaandika mama yake kwa sababu ndiye mtu anamjua duniani. Halafu anaoa, anapata watoto, anapandishwa, anahamishwa Lodwar, anarudi, na ile fomu iko kwa faili vilevile. Sacco vilevile, bima vilevile. Siku akifa karatasi inasema mama. Nimeona wakwe na mjane ambao walizika pamoja wakishikana mikono wakaja kutoshikana mikono tena kwa sababu ya kijana wa miaka 19 aliyejaza fomu akiwa na kiu. Na si kwamba mama ni mbaya, mama naye amefiwa, na watu wa ukoo wanamwambia hiyo pesa ni jasho la mtoto wako.

Nne, sacco. Kama alikuwa na mkopo, mikopo mingi ina bima mtu akifa, kwa hivyo msikubali wadhamini waanze kukatwa kabla hamjauliza. Na hisa zake zinatoka. Peleka cheti cha kifo, si kibali cha mazishi, watu hupeleka kibali wakarudishwa.

Tano, pensheni ya kawaida ya wategemezi kwa sheria ya zamani ni ya miaka 5 kisha inakatika, ingawa aliyeuawa kazini huhesabiwa tofauti, lakini kama alikuwa kwa ule mpango mpya wa kuchangia ulioanza Januari 2021 mambo yake ni mengine, muulize mtu wa rasilimali watu aliingizwa wapi.

Mambo ya nyumba sitakudanganya. Nyumba ni ya kazi. Tangu 2018 waliposema askari wakae uraiani walipwe marupurupu ya nyumba, wengi bado wako laini, kodi ya Nairobi mnaijua. Shemeji hana haki ya kukaa pale milele. Lakini mwezi wa kutoka si lazima uwe ndio huu, na mimi nimeona OCS wakiongeza mpaka watoto wafunge shule. Mwambie aandike barua ya kuomba mpaka mwisho wa muhula, aweke tarehe ya kufunga shule. Mtu akiona tarehe anaogopa kukataa kuliko akiona machozi.

Nesi wa Dallas ameandika:

Mzee umenikumbusha kitu nilisahau kusema, na mwanzoni niliwachorea huku kama peponi. Kuna mama tunasali naye, mume wake alikuwa askari wa mji mdogo sana, si Dallas, wako askari 9 mji mzima. Alisimamisha gari barabarani akauawa. Sasa ule mji hauna huyo wa kutolewa kazi apewe familia, wakimtoa mmoja nani atafanya zamu? Ile pesa ya Washington ilimchukua zaidi ya mwaka kwa sababu kila barua ilikuwa inaomba karatasi ingine. Wajane wenzake ndio walimsaidia, kuna chama chao cha tangu 1984, wanakutana kila Mei Washington kwenye ule ukuta wa majina ya askari waliokufa kazini, yako zaidi ya 20,000. Watoto wao wana kambi yao. Aliniambia siku ya kwanza alikaa na wanawake ambao hakuwa na haja ya kuwaelezea chochote, alilala masaa 11.

Kisarawe Original ameandika:

Poleni sana wakuu, mimi ni mtu wa huku Tanzania. Kwetu Aprili 2017 kule Kibiti askari 8 waliuawa kwa mkupuo mmoja wakiwa kwenye gari wanatoka zamu. Mmoja wao nilisoma naye. Nilienda kwao kwenye msiba, mkuu, rambirambi zilisomwa na viongozi walikuja, sikatai.

Ila kilichofuata ndo kama anavosema mzee. Kikao cha ukoo, muhtasari, mahakama ya mwanzo kufungua mirathi, tangazo, mpaka msimamizi athibitishwe. Mjane alikuwa mdogo, akaambiwa msimamizi awe baba mdogo wa marehemu maana "mwanamke bado kijana". Mahakama haikusema hivyo, ukoo ndo ulisema. Kuna hakimu mama mmoja akauliza tu pale mbele, wewe binti unataka nani awe msimamizi? Akasema mimi mwenyewe. Ikaisha hapo, dakika 2. Kwa hiyo mwambieni shemu asiogope kuongea akifika mbele ya mtu mwenye muhuri.

Mtoto wa Laini ameandika:

Mzee Koplo. Sikujua nilikuwa nangoja hayo maneno. Jina la huyo sajini lilianza na M, kama ni wewe ama si wewe, asante.

Mzee Koplo ameandika:

Si mimi. Langu linaanza na K. Lakini nimepokea.

Mdogo wa Karao ameandika:

Wadau nimerudi, ni siku 5 sijaingia humu, mnisamehe nimekuwa nikizunguka.

OCS alikubali barua, akagonga muhuri. Nyumba amesema mpaka shule zifunge ndio atoke, si kwa maandishi lakini alisema mbele ya watu wawili. Ukurasa wa OB tulionyeshwa, nakala tumeambiwa turudi Alhamisi. Huyo askari aliyekuwa akiketi pale kaunta alikuwa usiku ule na kaka, hakuongea, lakini tulipotoka alitufuata mpaka geti akamwekea shemeji elfu 2 mkononi akarudi haraka haraka kabla hajaambiwa asante.

Fomu tumeona. Mzee ulikuwa sawa. Imeandikwa mama. Mwandiko wake ule wa zamani, ile k anaikunja kama samaki, tarehe 2010. Shemeji aliiangalia muda mrefu halafu akacheka, akasema hata mimi 2010 ningeandika mama yangu. Mimi ndio nilishindwa kucheka.

Nimempigia mama jana. Nilikuwa nimeogopa sana, ami mmoja ameshaanza kumtembelea kila jioni na maziwa. Mama akaniuliza tu, hao watoto wanakula nini huko? Akasema tuje Jumamosi tukae, lakini ami asijue mpaka tufike.

Mzee swali la mwisho kabla nipande gari. Ile barua ya chifu ya kuonyesha warithi, nichukue ya chifu wa huku tunakoishi ama wa nyumbani?

Mzee Koplo ameandika:

Wa nyumbani, kwa sababu ndiye anawajua na ndiye alizika. Nenda na kitambulisho cha mama, cha shemeji, cheti cha kifo, vyeti vya watoto vya kuzaliwa, na cheti cha ndoa kama kipo. Kama ni ndoa ya kienyeji mwende na mzee mmoja aliyekuwepo wakati wa mahari. Na mfike kabla ya saa 4, siku za soko chifu hukaa ofisini asubuhi tu.

Ami mpelekee sukari. Kilo 2. Usimwambie ni ya nini.